Kikombe Kimoja kwa Kila Kichwa

Tulikuwa watu sita ukumbini kwake Sokomuhogo, mwezi ishirini na saba Ramadhani, baada ya sala ya alasiri. Nilikuwepo mimi, niliyekuwa nikikaa nyumba ya pili kutoka kwake. Alikuwepo Mwanaidi, wifi yangu, dada wa mume wangu, fundi wa cherehani, tuliyepika pamoja na kugombana pamoja miaka yote ile. Alikuwepo Bi Kazija wa nyumba ya kona, ambaye kwa damu hakuwa na ujamaa na sisi, lakini alimnyonyesha Mwanaidi alipokuwa mchanga, kwa hiyo tulimwita mama. Alikuwepo Sheikh Nassor wa msikiti wetu, amekaa karibu na mlango. Alikuwepo Suleiman, kijana wa serikali aliyekuwa akipita madukani na mambo ya vipimo, mtoto wa Bi Nunu wa Malindi. Bi Nunu nilisoma naye chuoni, akinipita kwa juzuu mbili. Na wa sita ni yeye mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyetuita tuje tuone kilo inavyoaibika.

Majina ya watu ndiyo niliyojaaliwa. Skuli nilikwenda miaka mitatu tu, nikatolewa, lakini nitajie nyumba yoyote ya mtaa ule nikwambie nani alilala chumba gani. Jina lake yeye nalijua, na la baba yake, na la babu yake. Ila mtaani hakuitwa kwa jina. Aliitwa Bi Mpimaji, na mwenyewe ndivyo alivyotaka. Alisema, "Ukimtaja mtu jina, watu wataangalia mkono wake. Mie nataka waangalie kipimo." Basi nami hapa nitamwita hivyo hivyo.

Alikuwa akiuza mchele, choroko na dengu katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango ukielekea njiani. Mizani yake ilikuwa ya sahani mbili, imetundikwa kwa mnyororo darini. Mawe yake ya ratili aliyapanga kwa ukubwa juu ya kitambaa cheupe, na vijiwe vya wakia mbele yake kama vifaranga. Kwenye kizingiti palipigiliwa kipande cha shaba chenye urefu wa wari moja kamili, na kila mwanamke aliyenunua kitambaa Darajani alipita pale kwanza kukilaza juu ya shaba ile kabla hajafika nyumbani. Mkiwa na arusi, aliitwa kukisia mchele wa pilau. Mkiwa na msiba, aliitwa kupima sanda. Na kila Ramadhani ikikaribia kwisha, mtaa mzima ulipima fitri kwa pishi yake.

Kwa asiyejua, fitri ni ile pishi moja ya chakula itolewayo kwa maskini kabla ya sala ya Idi, kwa kila kichwa kilichomo nyumbani, mkubwa na mdogo, hata mtoto aliyezaliwa siku ya mwisho ya Ramadhani kabla jua halijazama. Haikubali kupungua. Pishi moja ni vibaba vinne, na pishi ya Bi Mpimaji ilikuwa ya bati nene, ya bibi yake, imeng'aa kwa kushikwa.

Mkono wake ulikuwa mkavu. Akipima ratili ya choroko, ulimi wa mizani usimame wima ndipo akuridhie. Bi Kazija alikuwa hachoki kumchokoza.

"Bi Mpimaji, si utie kidogo tu juu?"

"Nikitia kidogo, haitakuwa ratili."

"Itakuwa nini?"

"Itakuwa porojo."

Kisha, akishafunga karatasi yako, huingiza mkono guniani akatoa konzi nyingine, akaifunga karatasi yake peke yake, ndogo, akakupa. Mwanzo watu hawakufahamu. Mbona asiitie mle mle? Nilimwuliza siku moja. Akanambia, "Ile ya mizani ni haki yako. Hii ya mkono ni mapenzi. Visichanganywe, mwanangu. Vikichanganywa hutojua siku ya kukupunja ni ipi." Hivyo ukimwona mtu anatoka kwake na vifuko viwili, ujue alichonunua ni kimoja.

Mwenyewe alijipimia mwisho, siku zote. Iwe choroko za kupika kwake, iwe kitambaa, iwe fitri. Watu wote kwanza, yeye baada ya wote, saa nyingine sahani ikiwa imebaki vumbi.

Na bado mtu huyo huyo jikoni mwake hakupima kitu. Chumvi alitupa kwa mbali kama anayefukuza kuku. Siku akipika mchuzi wa papa, ama ulimtoka vizuri mkala, ama chumvi ilizidi mkalala na maji. Na kupimwa mwili wake hakutaka kabisa. Mwanaidi akimwendea na utepe wake wa inchi, yeye husimama nyuma ya mlango akasema, "Nitazame tu. Macho unayo." Magauni yake yote yalishonwa kwa kutazamwa. Ukimwuliza umri, alisema, "Niache. Sina jiwe la kupimia hilo."

Mwaka ule wa Mapinduzi pishi yake ilianguka ngazini ikatoboka chini. Jinsi ilivyoanguka hakusimulia, nami sikuuliza. Mwezi ule vilianguka vitu vingi na hatukuuliza vyote. Alikaa nayo hivyo hivyo, ikashika fitri ya mwaka ule kwa kuzibwa kitambaa, kisha akaipeleka Darajani kwa Mzee Makame, fundi bati. Ikarudi nzima, inang'aa, imelehemiwa vizuri. Ikaendelea na kazi.

Kuna jambo lake moja ambalo lazima nilitaje hapa. Bi Mpimaji aliamini kujaza na kutundika ni mambo mawili yasiyokutana. Mchele wa kuuza aliutundika kwa ratili. Mchele wa fitri aliujaza kwa pishi. Pishi yenyewe hakuipandisha kwenye mizani hata siku moja. "Pishi hujazwa, haitundikwi. Mtume hakutundika," alisema, na hapo mazungumzo yamekwisha. Watu wa mtaa walikuja na makopo yao ya maziwa matupu, wakayajaza kutoka pishi yake, wakayatia alama kwa msumari. Kila kopo la kupimia la mtaa ule lilikuwa mtoto wa pishi ile.

Kilo zilipoanza kusemwa redioni, yeye alizisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mchumba wa mtoto wa jirani. Hakuzipenda wala hakuzikataa. Alituma anunuliwe Darajani kilo moja ya sukari, akailaza kwenye mizani yake, akaitazama. Jioni ile akatwambia, "Kilo ni ratili mbili na konzi." Tukacheka, lakini tulipokwenda dukani ndivyo tulivyohesabu, na hatukukosea. Mita akaipima kizingitini: "Mita ni wari na vidole vinne." Lita akaijaribu kwa mafuta ya taa: "Painti mbili kasoro vikombe viwili vya kahawa." Vidole vyake, vikombe vyake, konzi yake. Mtaa mzima uliivuka ile mito kwa daraja lake yeye.

Waliokosea ni wale waliodhani wanajua. Mwanaidi alimtuma mtu wari tano za kitambaa cha gauni la arusi ya binti yake Bi Kazija, dukani wakamkatia mita tano. Gauni likatoka, na kipande kikabaki.

"Si faida hiyo?" akasema Mwanaidi.

"Faida gani," akasema Bi Kazija, "na gauni lenyewe umelishona refu kwa kutaka kukimaliza! Mwanangu anafagia njia nzima ya Mchambawima."

Bi Kazija alikuwa na dada Paje. Mwaka ule akarudi kutoka kumtembelea, amekasirika. "Zamani Paje ilikuwa maili thelathini na kidogo. Sasa dereva ananambia kilomita hamsini. Nimwone dada yangu mara moja tu kwa mwaka, kisha waje waisukume nchi?"

"Umechoka zaidi?" Bi Mpimaji akamwuliza.

"Nimechoka sana."

"Basi wewe umechoka kwa kilomita."

Suleiman alipokuja mara ya kwanza ilikuwa kabla ya Ramadhani, na ndiyo mara niliyocheka mpaka nikakaa chini. Alikuwa kijana wa adabu, suruali imepigwa pasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

"Wa Bi Nunu wa Malindi."

"Mama yako hajambo? Kaa. Umekuja kunichukulia mawe."

"Siyo leo, bibi. Nimekuja kukueleza tu. Ratili inaondoka."

"Inaondoka inakwenda wapi? Ratili ni ya dini. Imo vitabuni."

"Iliyomo vitabuni ni nyingine, bibi. Hii ya kwako ya Mwingereza. Ina taji lake, hilo hapo."

Akaligeuza jiwe kubwa, akaonesha chapa. Bi Mpimaji akalisogeza machoni, akalisogeza mbali.

"Hili?"

"Naam. Taji la mfalme wao."

"Miaka yote hii," akasema, "nilijua ni nanasi."

Hakucheka. Sisi tulicheka. Lakini alipomaliza kulitazama alilirudisha juu ya kitambaa likiwa limelala kifudifudi, na tangu siku ile lilikaa hivyo.

Jambo lenyewe lilikuja Ramadhani ilipoingia kumi la mwisho. Sheikh Nassor alitangaza msikitini kwamba, kwa kuwa maduka yamekwenda kwenye kilo, mwaka huu mwenye kutaka atoe fitri kilo mbili na nusu kwa kichwa. Habari ikamfikia Bi Mpimaji kabla ya futari. Ratili aliweza kuiacha, wari aliweza kuiacha. Pishi, hapana. Akasema kilo haiwezi kuijua pishi, na kwamba atalithibitisha mbele ya watu. Akamwita Sheikh. Akamwita Suleiman aje na mizani yake mpya na mawe yake mapya. Akatwita sisi majirani tushuhudie. Ndiyo ile siku ya watu sita niliyoanzia.

Akajaza pishi mwenyewe. Akaisawazisha kwa kijiti, kama kawaida yake, punje isizidi. Akaumimina mchele kwenye sahani ya Suleiman. Suleiman akaweka upande wa pili kilo mbili na jiwe la nusu.

Upande wa mawe ukashuka ukagonga meza.

"Unaona?" Bi Mpimaji akasema, na uso wake ulikuwa wa furaha. "Mizani yake mbovu."

Suleiman akatazama chini.

"Tia kwenye ya kwako, Bi," Sheikh akasema taratibu. "Kilo mbili na nusu ni ratili tano na nusu."

Akautia kwenye mizani yake mwenyewe. Akaweka mawe yake mwenyewe, matano na la nusu, yale ya nanasi. Yakashuka vile vile. Mnyororo ukalia kidogo, kisha ukatulia.

Akachukua kikombe cha chai kilichokuwa karibu, cheupe chenye mstari wa bluu mdomoni, akachota mchele guniani, akaongeza polepole. Kikombe kilipokuwa kitupu, ulimi ukasimama wima.

"Kikombe," akasema.

Akaichukua pishi akatia mkono ndani. Akapapasa chini. Akautoa mkono akapapasa chini kwa nje. Akafanya hivyo mara tatu, ndani na nje, ndani na nje, na mimi niliyekuwa karibu nikaona vidole vyake haviko pale vinapotakiwa kuwa.

"Ina chini mbili," akasema.

Kesho yake asubuhi tulikwenda naye Darajani, mimi na yeye, na pishi chini ya buibui. Mzee Makame aliikumbuka hapo hapo.

"Kazi yangu hii. Mwaka wa Mapinduzi. Ile chini ya zamani sikuitoa, Bi, niliiacha nikalehemu nyingine juu yake kwa ndani. Chini mbili badala ya moja. Nilijua ni pishi ya fitri, nikataka idumu."

"Na palipobaki katikati?"

"Pana kidole kimoja hivi cha hewa. Ndipo inapopata nguvu." Akamtazama, akaona hamsifu. "Kwani inavuja?"

"Haivuji, Mzee Makame," Bi Mpimaji akasema. "Umenifanyia wema mzito."

Akamwomba azitoe chini zote mbili. Mzee Makame akazitoa, haelewi, na Bi Mpimaji akarudi nyumbani na mdomo wa bati usio na kitu chini yake. Baadaye aliuweka juu ya kisahani, akapanda mrehani ndani yake.

Fitri ya mwaka ule ilikwenda kwa kilo, na aliyesimamia ni yeye, mkali kupita Suleiman. Watu waliomtania kwa kubadilika aliwajibu, "Kilo imenambia kweli siku ya kwanza. Ratili ilikaa na pishi chumba kimoja miaka saba ikanyamaza." Hilo halikuwa haki kwa ratili, maana hakuiuliza. Nadhani alijua.

Miaka saba. Ndicho kilichomkaa. Idi saba mtaa wote ulitoa fitri iliyopungua kikombe kimoja kwa kila kichwa, na watu walimpa yeye amana hiyo wakaenda kusali mioyo mitulivu. Sheikh Nassor alikuja kumtuliza.

"Bi, aliyekosea bila kujua hana lawama."

"Sikukuuliza lawama, Sheikh. Nimekuuliza mchele."

"Mchele ukiutoa sasa itakuwa sadaka."

"Utaitwa atakavyouita Mwenyewe. Kwa kila kichwa kimepungua kikombe. Nitakitia."

Na mchele wenyewe uko wapi? Wanaoikumbuka miaka ile watajua. Mchele ulikuwa wa foleni, kwa mgao, na duka lake lilikuwa na siku nyingi zaidi za choroko kuliko za mchele. Bi Kazija alitaka tuchangiane. Akakataa. Suleiman alileta kilo tatu kutoka kwao Malindi, kichwa ameinamisha, kama kwamba yeye ndiye aliyelehemu. Akamrudisha nazo. "Mpelekee Bi Nunu, umwambie namsalimu. Pishi ilikuwa yangu." Akawa anakula muhogo, na mgao wake wa mchele wote unaingia kwenye mtungi.

Mimi aliniita kwa sababu ya majina. Kila Alhamisi baada ya alasiri niliketi kwenye mkeka, yeye na mtungi wake na kile kikombe chenye mstari wa bluu. Nikitaja, anajaza. Nyumba kwa nyumba, mwaka kwa mwaka.

"Nyumba ya juu."

"Bi Zuleikha binti Seif. Mumewe Bwana Said. Watoto Moza, Hamdu, Badria, Nasra. Na yaya wao, Mwanahawa."

Vikombe saba.

"Mwaka wa pili."

"Hao hao. Wa tatu hawapo, walishaondoka. Mwanahawa peke yake, alihamia kwa Bi Kazija."

Vikombe saba tena, kisha kimoja.

Kila kikombe alikisawazisha kwa kidole. Na asidhani mtu ilikuwa kazi ya haraka, maana alinihoji kama hakimu.

"Mtoto wa Rukia, yule Juma. Alizaliwa kabla ya magharibi ama baada?"

"Adhana ilikuwa inasomwa."

"Mwanzo wake ama mwisho wake?"

"Mie nilikuwa nimemshika Rukia miguu, Bi Mpimaji. Sikusikiliza adhana."

"Nani alisikiliza?"

"Labda Juma."

Hapo ndipo alipocheka, mara yake ya kwanza tangu Ramadhani. Akamtilia Juma kikombe. Mchele ule aliupeleka kwa wale wale waliopokea fitri miaka ile, ama kwa watoto wao waliobaki: mjane mmoja Kajificheni, mzee kipofu wa Mkunazini, wengine. Hakuwaeleza kitu. Alisema mchele ni wao.

Mwili wake ulikwisha. Mwanaidi alilipunguza gauni lake kwa kutazama tu, inchi mbili ama sentimita tano, wakati ule tulisema zote mbili. Nilimwambia ale. Akasema anakula. Nilimwambia aache watu wachangie hata nusu. Akasema, "Nikichanganya mchele wa watu na wangu, nitajuaje nimemaliza?" Alichokiogopa ni kimoja tu, na alikisema mara moja: kufa na vichwa vya watu vikiwa pungufu mkononi mwake.

Tulimaliza miezi michache kabla ya Ramadhani nyingine. Jina la mwisho lilikuwa la yule yule Juma wa Rukia, Idi ya saba. Akajaza, akasawazisha, akakigeuza kikombe kifudifudi juu ya mkeka. Akanambia, "Ahsante, mwanangu. Nenda kapike." Mtungi ulikuwa umekauka, niliona chini yake.

Wiki ile ile mtoto wa dada yake Bi Mpimaji, naye akikaa Paje, alikuja kumchukua, apate hewa na mtu wa kumwangalia. Mawe ya ratili alimkabidhi Suleiman mwenyewe, moja moja, na lile la nanasi la mwisho. Suleiman aliyapokea kwa mikono miwili.

Nilikwenda kumwona Shaabani ilipoingia. Nilimchukulia kilo mbili za mchele, mgao wangu, nimeufunga kwenye kitambaa. Njiani nilikuwa nikiyapitia majina kichwani, kama mtu anavyohesabu tasbihi bila kukusudia. Nyumba ya juu, nyumba ya kona, kwa Rukia, kwetu. Nikayapitia tena. Nyumba ya kwake haikuwemo. Alhamisi zote zile, miaka saba, yeye hakuitaja nami sikuitaja. Mimi, ninayejigamba kwa majina.

Nilimkuta amelala kitandani chini ya dirisha, mrehani umewekwa pembeni katika ule mdomo wa pishi. Amekuwa kama mtoto.

"Shikamoo, Bi Mpimaji."

"Marahaba. Umekuja kwa maili ama kwa kilomita?"

"Kwa kilomita."

"Pole, basi."

Nikaketi. Tukaulizana hali za watu, nikamwambia Bi Kazija anaumwa goti na Mwanaidi anashona bendera. Kisha nikamwambia, "Bi Mpimaji, na wewe je?"

"Mie nini?"

"Vikombe vyako. Saba."

Akageuza uso akatazama mrehani.

"Mpimaji hujipimia mwisho," akasema.

"Na mwisho?"

"Mchele uliisha."

Nikamwuliza kikombe kiko wapi. Akanionesha kwa macho, juu ya kasha, kifudifudi vile vile. Nikatandika upande wa kanga sakafuni, nikafungua mchele wangu. Nikangoja aseme hapana, kama alivyomwambia Suleiman, kama alivyotwambia sote. Hakusema. Nikajaza kikombe cha kwanza, nikataja jina lake, la baba yake, na la babu yake. Nadhani hakuwa amelisikia kwa miaka mingi, maana alifumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji. Cha pili, jina. Cha tatu, jina.

"Umekiacha na mlima," akasema, macho bado amefumba. Alisikia kwa namna mchele unavyoanguka.

"Huo mlima ni mimi, Bi."

"Visichanganywe."

Basi nikavirudia. Nikavisawazisha vyote saba kwa kidole, punje isizidi, na ile iliyotoka juu nikaifunga katika karatasi yake peke yake, ndogo. Vile saba nilimpelekea jirani mmoja mjane pale pale Paje. Ile karatasi ndogo nilimtilia mkononi. Aliishika, akaipima kwa kiganja, juu chini, juu chini, akaiweka chini ya mto.

Alifariki kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Sanda ilipimwa kwa mita. Mtoto wa dada yake alinipa kikombe, na ndani yake ile karatasi, haijafunguliwa.

Haya nimeyaandika kwa kichwa changu, na kichwa changu sasa ni cha bibi mzee. Wale watu sita nina hakika nao. Majina ya kwenye mkeka sina hakika kama nilivyokuwa. Labda palikuwa na mpangaji chumba cha ua kwa Bi Kazija, labda Rukia alikuwa na mtoto mwingine. Kama wewe, ama mama yako, ama babu yako alikaa mtaa ule Idi zile saba na hukuona nikimtaja, nisahihishe. Nipe jina lake na mwaka wake. Kikombe ninacho mimi, na mchele umo ndani.